UZI: Taarifa zinapanda, majibu hayashuki. Tuzipange taasisi zetu kwa kufuata njia ya maarifa

Mwanzisha uzi (Tanga mjini)

Waungwana, salamu. Ninauandika uzi huu kwa ajili ya wanaoendesha vyama vya ushirika, zahanati, shule, kampuni ndogo na ofisi za umma, ambao kila suala la taarifa linapoibuka huambiwa kwamba dawa yake ni kununua mfumo wa kompyuta. Hoja yangu ni moja, nami nitaitetea kwa urefu. Taasisi hupangika vizuri pale ambapo mpangaji ameanza kwa kuuliza maarifa yanazaliwa wapi, yanahitajika kwa nani ili uamuzi ufanyike, na yanatumia muda gani kutoka kwa huyo hadi kwa huyu. Mfumo wa kompyuta huja baada ya maswali hayo. Ukitangulia, kazi yake inakuwa kuharakisha safari ya takwimu kwenda juu, na aliyezikusanya anabaki kama alivyokuwa.

Nitaanza na maziwa, kwa kuwa ndiyo shughuli ninayoifahamu kwa karibu, na kwa kuwa mkoa wetu una wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa wanaouza kupitia ushirika.

Katika kituo cha kukusanyia maziwa, kazi huanza alfajiri. Wafugaji wa karibu huleta wenyewe. Wa mbali huyakabidhi kwa mwendesha pikipiki anayepita njia moja akikusanya nyumba hadi nyumba. Karani hunusa kwanza. Kisha hutumbukiza laktomita, kipimo cha uzito wa maziwa ukilinganishwa na maji, ambayo kwa maziwa mazuri ya ng'ombe husoma kati ya 1.026 na 1.032, na ikishuka chini ya hapo hushuku kwamba yametiwa maji. Baada ya hapo huchanganya maziwa kidogo na alkoholi kwa kiasi kilicho sawa. Yakibaki laini hupokelewa, yakitoa vibonge hukataliwa. Mwisho huandika daftarini jina, namba ya mwanachama na lita. Maziwa yaliyokataliwa, katika madaftari mengi niliyoyafungua, huandikwa neno moja tu la kwamba yamekataliwa, au hayaandikwi kabisa, kwa sababu daftari lilichorwa kwa ajili ya malipo na maziwa yaliyokataliwa hayalipwi.

Tazameni kinachopotea hapo. Vibonge vile vina sababu zaidi ya moja. Huenda maziwa yamechacha kwa kuwa ni ya jioni na yalilala bila kupozwa, au kwa kuwa pikipiki ilichelewa njiani juani. Huenda ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, au amezaa juzi na maziwa yake bado ni dang'a. Ukimkataa mfugaji mmoja siku kadhaa mfululizo ilhali jirani zake wa njia ileile wanapokelewa, tatizo liko bandani kwake. Ukiwakataa watu kadhaa wa njia moja asubuhi moja, tatizo liko barabarani. Wakikataliwa watu wa njia zote katika majira ya joto, basi maziwa ya jioni ndiyo ya kuangaliwa. Karani mwenye macho anauona utaratibu huu bila kufundishwa na mtu. Lakini hana safu ya kuandika sababu, hana saa ya kufika kwa pikipiki, na hana mtu wa kumwambia isipokuwa meneja, ambaye mwisho wa mwezi anapokea jumla ya lita tu. Meneja akiona lita zimeshuka, anasema wafugaji wanawauzia wachuuzi wa mitaani. Pengine ni kweli. Ila taarifa ambayo ingemwonyesha kama ni kweli ilitupwa pamoja na yale maziwa.

Mmarekani Jay Galbraith, aliyeandika sana kuhusu mpangilio wa taasisi katika miaka ya 1970, alilieleza jambo hili kwa namna ambayo sijaona iliyoizidi kwa manufaa. Alisema kwamba kadiri kazi inavyokuwa na mambo mengi yasiyotabirika, ndivyo taarifa nyingi zinavyolazimika kupita kati ya watoa uamuzi wakati kazi ikiendelea. Ngazi za uongozi zina ukomo wa kubeba taarifa hizo. Zikizidiwa, taasisi ina njia mbili za kupunguza haja ya taarifa na njia mbili za kuongeza uwezo wa kuzibeba, na isipochagua kwa makusudi, hali yenyewe itaichagulia, kwa kawaida kwa kuchelewa na kwa hasara.

Ileteni fikra hiyo kituoni. Njia ya kwanza ni kujiwekea akiba ya nafasi: tangi la kupozea kubwa zaidi na muda mrefu zaidi kabla ya gari la kiwanda kufika, ili kuchelewa kwa pikipiki kusiwe dharura. Inagharimu fedha, lakini inanunua utulivu. Njia ya pili ni kukipa kituo kila kitu kinachohitaji ili kijitosheleze, yaani kiwe na mtaalamu wake wa mifugo na pikipiki zake, kisingoje ruhusa ya makao makuu. Njia ya tatu ni kuuboresha mfumo wa taarifa zinazopanda, na hapa ndipo simu na kompyuta zinapoingia. Njia ya nne ni kuruhusu watu wa ngazi moja wazungumze wao kwa wao bila kupitia juu: karani ampigie moja kwa moja daktari wa mifugo, mwendesha pikipiki akubaliane na karani kubadili mpangilio wa nyumba anazopitia.

Nimeona vyama vikiruka moja kwa moja hadi njia ya tatu kwa sababu ndiyo inayoonekana ya kisasa na ndiyo inayopata wafadhili. Mimi ninaamini kwamba kwa taasisi nyingi za ukubwa wetu njia ya nne ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa inadai ruhusa kuliko inavyodai fedha. Chama kimoja ambacho sitakitaja kilinunua programu ya kupokelea maziwa kwa simu. Programu ilinakili safu zilezile za daftari: jina, namba, lita. Safu ya sababu ya kukataliwa haikuwemo, kwa kuwa aliyeitengeneza aliletewa daftari la malipo akaambiwa aliweke kwenye simu. Leo makao makuu yanaona lita za asubuhi ifikapo saa nne badala ya mwisho wa mwezi, na ng'ombe mwenye kiwele kinachouma hakuna aliyemgundua.

Karibuni tujadili. Ningependa hasa kusikia kutoka kwa watu wa mkonge na wa afya.

---

Mchangiaji (Korogwe)

Nashukuru kwa uzi. Mimi nimekulia katika shamba la mkonge na sasa ninafanya kazi kwenye korona, yaani mtambo wa kusaga majani ya mkonge ili kutoa singa, nyuzi zake. Naafiki uliyosema, ila naona umezungumzia taarifa zinazoweza kuandikwa tu. Kwetu maarifa makubwa hayaandikiki. Yupo fundi mmoja, mzee wetu, anayesikiliza mlio wa mashine jani linapopita na kujua kwamba nafasi kati ya visu na bamba imekuwa pana mno au finyu mno. Ikiwa pana, jani halisafishiki na singa inatoka na nyama. Ikiwa finyu, singa inakatika na kwenda na maji ya taka. Majani ya shamba changa na ya shamba lililokomaa hayataki nafasi moja. Mzee yule akistaafu, kompyuta itatusaidia nini?

---

Mwanzisha uzi

Mzee wetu huyo apewe heshima yake, na wewe ndugu yangu asante kwa kulileta jambo hili mapema.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wa mtu haimo katika maneno anayoweza kuyatoa akiulizwa. Michael Polanyi, mwanafalsafa mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza, aliijengea hoja hiyo msingi, na Wajapani Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi wakaipeleka katika uongozi wa kampuni mwaka 1995 kwa kueleza namna ujuzi wa mikono unavyogeuzwa kuwa maneno na maneno yanavyorudi kuwa ujuzi wa mikono. Lakini kwa swali lako mfano unaonifaa zaidi ni wa mafundi wa mashine za kunakili za kampuni ya Xerox.

Mwanaanthropolojia Julian Orr alifuatana na mafundi hao kazini. Kampuni iliwapa vitabu vinono vya hatua za kutengeneza, ikiamini kwamba fundi akifuata kitabu atafika. Orr aliona kwamba mashine zilizowashinda zilitatuliwa mezani, wakati wa kula, fundi mmoja akimsimulia mwenzake kilichomkuta na mwenzake akikumbuka kisa kinachofanana. Usimulizi ule ndio uliokuwa mfumo wao wa taarifa. Katika miaka ya 1990 kampuni ilijenga mfumo ulioitwa Eureka, ulioanza kutumika kwa mafundi wa Ufaransa, ambamo fundi aliandika dokezo lake, mafundi wenzake wakalihakiki, na lilipokubaliwa likabeba jina lake. Hapakuwa na malipo kwa dokezo. Heshima mbele ya watu wa kazi yake ilitosha.

Kwa hiyo swali la mzee wa korona ni la mpangilio wa kazi kabla ya kuwa la kompyuta. Je, kijana anayemsaidia amewekwa kwenye zamu yake, au kila mmoja ana zamu yake kwa sababu ratiba ilipangwa ili kuokoa mshahara? Je, wanapobadili nafasi ya visu, kuna ubao mahali hapo wa kuandika shamba lililovunwa, umri wa mkonge na nafasi waliyoiweka? Baada ya misimu michache ubao ule, ukinakiliwa daftarini, utamfikisha kijana karibu na mzee, na sikio lake litamalizia safari kwa kuwa alikuwepo mlio ulipobadilika. Shamba linalomwacha mzee afanye kazi peke yake hadi siku ya kuagwa limepanga kuupoteza ujuzi wake, hata kama hakuna aliyekusudia.

Na kwa kuwa umetaja mkonge, turejee historia yetu wenyewe. Mmea huu uliletwa Afrika Mashariki na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893; miche iliyonusurika safari ilikuwa michache mno, ikapandwa upande wa Pangani. Mwaka 1902 Wajerumani wakaanzisha kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Baadaye, chini ya Waingereza, wakulima wa mkonge walikuwa na kituo chao cha utafiti Mlingano, hapo Muheza. Mlingano ndiko kulikotoka chotara anayejulikana kwa namba tu, 11648, ambaye katika maisha yake hutoa majani mengi kuliko mkonge wa kawaida kwa mbali. Chotara huyo alienea hadi Uchina, ambako amekuwa aina kuu ya mkonge wao.

Fikirini ilivyokuwa hadi namba hiyo ikapatikana. Mkonge hukaa miaka mingi kabla ya kutoa maua, hivyo mtu aliyefanya uchavushaji hakuwa na hakika ya kuwepo wakati wa kuhesabu majani ya mwisho. Kazi kama hiyo haiwezekani bila daftari linaloishi kuliko mwajiriwa, na bila shamba linalokubali kumwambia mtafiti kilichotokea baada ya kupanda. Uzalishaji wa Tanzania ulifikia takribani tani 230,000 katikati ya miaka ya 1960, kisha ukaporomoka hadi sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Sababu ni nyingi, na nyuzi za plastiki zilizoshusha bei ya dunia ni miongoni mwa zile kubwa, kwa hiyo sitadai kwamba ni daftari lililowaangusha. Nasema tu kwamba mkoa huu uliwahi kuwa na njia fupi kati ya mtafiti na shamba, na njia fupi ya namna ile hujengwa kwa makusudi.

---

Mchangiaji (Bagamoyo)

Shikamooni wakubwa. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja ya wilaya hii. Kila siku ninajaza vitabu vya MTUHA, yaani madaftari ya taarifa za huduma za afya, na mwisho wa mwezi tunakaa na majumlisho mpaka usiku kwa sababu ripoti ina tarehe yake ya kufika wilayani. Wilayani wanaingiza kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Tangu nimeanza kazi sijawahi kuletewa karatasi inayoniambia zahanati yangu inafanyaje. Nikichelewesha ripoti napigiwa simu siku hiyohiyo. Nikiandika kwamba dawa fulani imeisha, simu haiji. Mwanzisha uzi, kwa mtu wa ngazi yangu kuna la kufanya, au tunasubiri wakubwa waamue?

---

Mwanzisha uzi

Marahaba, dada. Maelezo yako ni ushahidi mzito kuliko yote niliyoyaandika hapo juu, na ninaomba watu wa halmashauri wayasome mara mbili.

Nitajibu kwa mfano wa mkoa wenu wa Pwani na jirani zenu wa Morogoro. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya pamoja na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC, waliendesha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Waliuliza swali dogo: je, wilaya ikijua watu wake wanakufa kwa nini, itagawa fedha tofauti? Wakati huo bajeti za wilaya zilifuata mazoea na masharti ya wafadhili. Takwimu zilipokusanywa nyumba hadi nyumba, ikaonekana kwamba huko Morogoro malaria ilibeba takribani asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa vifo vya mapema, lakini ilipewa asilimia 5 tu ya bajeti ya mwaka 1996.

Jambo ninalotaka mlione ni kile kilichofanywa na takwimu hizo. Hazikupelekwa Dar es Salaam zikaishia ripotini. Zilichorwa kwa picha ambayo timu ya afya ya wilaya iliweza kuisoma mezani, upande mmoja mzigo wa maradhi na upande wa pili mgawanyo wa fedha, na timu hiyo ikapewa madaraka ya kubadili mgawanyo pamoja na nyongeza ya fedha isiyozidi takribani dola moja kwa mtu kwa mwaka. Kisha walibadili muundo wenyewe: vituo vya afya vikapewa kazi ya kusimamia zahanati za jirani, badala ya kila msimamizi kutoka makao makuu ya wilaya, na redio za mawasiliano zikawekwa ili mwenye shida asisubiri gari. Katika muda wa miaka mitano hivi vifo vya watoto wadogo katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mengine pia yalichangia, lakini wataalamu waliofuatilia wanakubali kwamba mabadiliko yale ya uendeshaji yalikuwa na sehemu kubwa.

Mambo matatu yalikutana pale: taarifa ilitoka kwa watu wenyewe, ilirudi katika sura inayosomeka, na ilimkuta mtu mwenye madaraka ya kuamua. Ondoa moja, na mengine mawili yanakuwa kazi ya makaratasi. Kwako, dada, la kwanza lipo na unalilipia kwa usiku wako. La pili na la tatu hayapo.

Kuhusu la kufanya katika ngazi yako: usisubiri. Kabla ya kupeleka ripoti ya mwezi, toa namba chache ambazo ninyi wenyewe wa zahanati mnaweza kuzifanyia kazi, kwa mfano akina mama waliohudhuria kliniki mara ya kwanza wakalinganishwa na waliorudi, au watoto walioanza chanjo wakalinganishwa na waliomaliza, mzichore kwenye karatasi kubwa ukutani, mwezi hadi mwezi. Pale mstari utakaposhuka, anzeni na kitongoji wanakotoka waliokosekana. Kamati ya zahanati ikija, ikalishwe mbele ya karatasi hiyo. Herbert Simon, mchumi wa Marekani, alikwisha kutahadharisha mwaka 1971 kwamba taarifa zikiwa nyingi, kinachoadimika ni usikivu wa watu wanaozipokea. Vitabu vyako vina safu nyingi kuliko usikivu wa wilaya nzima. Basi wewe chagua chache na uzipe usikivu wako.

---

Mchangiaji (Tanga, Chumbageni)

Kwa heshima zote, naona mjadala unazunguka jambo moja bila kuligusa. Nimekuwa mjumbe wa bodi ya chama cha ushirika. Viongozi wanafahamu vizuri kwamba taarifa hazishuki. Haziteremshwi kwa sababu mwenye taarifa ndiye mwenye sauti. Mwanachama akijua bei iliyolipwa na kiwanda na makato yote, mkutano mkuu utakuwa mgumu. Utapangaje taasisi kwa kufuata maarifa ikiwa wapangaji wenyewe wananufaika na giza?

---

Mwanzisha uzi

Mheshimiwa, umesema kweli na sitaizunguka. Mpangilio wa taarifa ni mpangilio wa madaraka. Anayedhani kwamba ni kazi ya fundi wa kompyuta peke yake atashangaa mfumo wake ukikwama kwa sababu ambazo hazimo katika kompyuta. Mwaka 1968 mtaalamu wa programu Melvin Conway aliandika kwamba taasisi inayobuni mfumo itazaa mfumo unaofanana na mawasiliano yake yenyewe. Chama ambacho karani hazungumzi na daktari wa mifugo kitanunua programu ambamo sehemu ya karani na sehemu ya daktari hazisomani. Chama ambacho mwanachama haambiwi makato kitapata programu isiyochapisha makato.

Kwa hiyo mapambano yaanzie kwenye masharti ya chama, kabla ya zabuni ya programu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inauweka mkutano mkuu wa wanachama kuwa chombo cha juu kabisa cha chama. Tumieni nafasi hiyo kupitisha azimio kwamba kila mwanachama apate kila mwezi, kwa karatasi au kwa ujumbe wa simu, lita alizopeleka, lita zilizokataliwa na sababu yake, bei, na kila kato kwa jina lake. Likishapita kama azimio, halisubiri hisani ya meneja, na mkaguzi akija atakuta kitu cha kukagulia. Ninafahamu kwamba Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama, MUVU, na ni hatua njema. Lakini mfumo wa kitaifa unamtazama msimamizi, nao hauwezi kuchukua nafasi ya karatasi mkononi mwa mfugaji wa Maramba.

Niongeze jambo ambalo bodi nyingi hazilipimi. Giza linamlinda kiongozi kwa muda, lakini linamnyima pia taarifa anazozihitaji yeye. Mfugaji asiyeaminiwa kuonyeshwa makato hatasema ukweli kuhusu maziwa ya jioni aliyoyachanganya na ya asubuhi. Karani aliyewahi kufokewa kwa kuripoti kwamba mizani imeharibika hataripoti tena. Chris Argyris na Donald Schön, waliochunguza namna taasisi zinavyojifunza, walitofautisha kati ya kusahihisha kosa ndani ya utaratibu uliopo na kuuhoji utaratibu wenyewe. Kukataa maziwa yaliyochacha ni lile la kwanza. Kuuliza kwa nini pikipiki inaanzia nyumba iliyo karibu na kuishia ya mbali, ilhali ya mbali ndiyo iliyokamua mapema, ni lile la pili. Swali la pili haliulizwi mahali ambapo kuuliza kunahesabiwa kuwa utovu wa adabu. Sisi watu wa pwani tunathamini adabu, na ni haki yetu. Basi kiongozi ndiye aanze kuuliza mbele ya watu, ili mdogo wake aone kwamba kuuliza hakumvunjii mtu heshima.

---

Mchangiaji (Muheza)

Nimefuatilia uzi wote na nimejifunza. Chama chetu kipo mbioni kuchagua programu, na mkutano na wauzaji ni wiki ijayo. Tafadhali, kwa vitendo, tuwaulize nini?

---

Mwanzisha uzi

Vizuri sana kwamba mkutano bado. Kabla ya wauzaji kuingia, kaeni na makarani wenu, waendesha pikipiki na daktari wa mifugo chumba kimoja, asubuhi nzima, na kila mmoja aseme ni uamuzi gani anaufanya kila siku na ni jambo gani akilijua mapema angeamua vizuri zaidi. Andikeni majibu hayo kwa maneno yao. Orodha hiyo ndiyo mtakayompa muuzaji badala ya daftari la malipo.

Mwulizeni muuzaji akuonyesheni, kwenye simu ya bei ya chini na mtandao ukiwa umezimwa, karani anavyopokea maziwa na anavyoandika sababu ya kukataa. Vituo vya milimani mtandao hukatika, na programu isiyohifadhi kazi hadi mtandao urudi itawarudisha kwenye daftari ndani ya msimu mmoja wa mvua. Sababu za kukataa ziwe chache na za kuchagua kwa kidole: laktomita imeshuka, yameganda kwa alkoholi, harufu, uchafu. Saa ya kufika na njia ya pikipiki vijiandike vyenyewe. Mwanachama akikataliwa kwa alkoholi mara ya pili mfululizo, ujumbe umwendee daktari na mwanachama kwa wakati mmoja, bila kupitia kwa meneja. Meneja aone baadaye kama ulishughulikiwa.

Katika mkataba, hakikisheni kwamba takwimu ni mali ya chama, kwamba mnaweza kuzitoa zote wakati wowote katika faili linalofunguka kwa programu za kawaida za ofisini, na kwamba mkiachana na muuzaji mtapewa nakala kamili kwa gharama iliyotajwa tangu sasa. Majina, namba za simu na mapato ya wanachama yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo mkataba useme nani anaruhusiwa kuyaona na kwa kazi gani. Muuzaji asiyagawe kwa kampuni za mikopo bila ridhaa ya mwenye jina.

La mwisho, anzeni na kituo kimoja, na chagueni kile chenye karani mdadisi hata kama hakina jengo zuri. Daftari la karatasi liendelee sambamba mpaka makarani wenyewe waseme wamelichoka. Ukikubali, ndugu, weka hapa safu mtakazokubaliana na makarani kabla ya kuonana na wauzaji, ili wenzetu wa Korogwe na Bagamoyo waziangalie.